Kabla ya kugusa bajeti, jaza fomu yako mwenyewe uone inahesabu ngapi

Mkuu, toa kidole kwenye hicho kitufe. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Umesema una mabadiliko 17 yanayosubiri kwenye akaunti ya Google Ads (matangazo ya kulipia ya Google) ya duka lako la samani Keko. 9 ni mapendekezo ya Google yenyewe, 8 aliyaandaa kijana wako kwenye Ads Editor, programu ya Google ya kuandaa mabadiliko pembeni, akaacha kazi kabla hajayapandisha. Unauliza uanze na yapi, matangazo yawe ya Kiswahili au Kiingereza, na kama sehemu ya hela uipeleke TikTok. Halafu ukaandika mpango wako: Ijumaa usiku unapandisha bajeti na kufungua maneno mapana, yaani tangazo litokee hata kwa utafutaji unaokaribiana tu na maneno yako, "kwa sababu ndiyo yenye asilimia kubwa" kwenye alama ya Google, na tagi ya kuhesabu oda (kipande cha msimbo kwenye tovuti) "itarekebishwa baadaye maana haileti mteja". Kwenye hilo neno "baadaye" ndipo kituo kilipopita.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Yaani kwa mpangilio huo huo, kama vile tumenakiliana daftari.

Nina kikampuni cha kufukiza wadudu hapa Dar: kunguni, mende, mchwa. Masika ya 2023 nilikuwa natumia dola 12 kwa siku na simu zilikuwa zinaita, si nyingi, lakini zinaita. Akaja mshauri. Simtaji, na msiniulize inbox. Kijana mtanashati, kompyuta ina stika nyingi kuliko boda. Akafungua akaunti yangu, akaonyesha alama ya uboreshaji, ile Google inayoipa akaunti, iko asilimia 58, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu. "Mzee, hapa unapoteza asilimia 42 ya biashara." Nikaingia baridi. Laki tatu nikamhesabia hapo hapo.

Siku ile ile akakubali mapendekezo yote kwa mpigo. Maneno yote yakawa mapana. Mkakati wa kununua mibofyo ukabadilishwa, ukawa ule wa kutafuta konvesheni (tendo unalolitaka, kama mtu kutuma fomu) nyingi kadiri bajeti inavyoruhusu. Bajeti ikatoka dola 12 ikawa 45. Alama ikapanda mpaka 100. Mimi shuleni sijawahi kupata 100 hata kwenye usafi, nikaipiga picha nikaiweka status.

Nilichokuja kujua nikiwa nimeshachomoka ni kwamba ile alama hupanda hata ukiyakataa mapendekezo. Bonyeza kukataa moja baada ya jingine na utafika 100 bila kubadilisha chochote kwenye kampeni. Inapanda kadiri unavyoyashughulikia mapendekezo. Haijui una hela ya kodi au huna.

Sasa sikiliza penye maumivu. Tagi ya kuhesabu ilitakiwa ikae kwenye ukurasa mmoja tu, ule wa "asante, tumepokea ombi lako", unaofunguka mtu akishatuma fomu. Yule bwana aliibandika kwenye kurasa zote za tovuti. Na mpangilio wa kuhesabu ukawa "kila mara" badala ya "mara moja kwa kila mbofyo". Kwa hiyo mtu akiingia, akasoma bei, akarudi nyuma, akafungua picha za mende, mfumo unaandika wateja wanne. Hajaacha namba ya simu, hajasema hata shikamoo.

Mkakati wa konvesheni haujui kunguni. Unajua tendo moja tu, lile ulilolitaja kuwa ndilo mafanikio, na unalitafuta popote linapopatikana kwa bei nafuu. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani ukamwambia utamlipa kila akifungua mlango wa duka. Utamkuta saa sita mchana anafungua na kufunga, jasho linamtoka, mkate hakuna, na anakudai.

Siku ya tatu ripoti ikasema konvesheni 400 na kitu. Nikamwambia mke wangu tutafute vijana wawili wa kuongeza. Siku ya kumi na moja: mibofyo 1,912, konvesheni 2,304. Hebu zisome tena hizo namba mbili. Wateja ni wengi kuliko watu waliobofya! Mtoto wa darasa la nne angeshtuka. Mimi nilishukuru Mungu. Msinicheke, mimi nimesomea wadudu.

Simu zilizoingia siku hizo kumi na moja zilikuwa tisa. Kazi zilizopatikana mbili. Mmoja kati ya waliobaki alikuwa na nyoka darini, akakasirika nilipomwambia sisi hatufukizi nyoka.

Dola 587. Kwa kiwango cha wakati ule ni milioni moja na laki tatu na ushee, bila laki tatu za bwana stika. Na kuna siku moja ilikula dola 86, nikadhani nimeibiwa kadi. Kumbe ndivyo ilivyo kwenye kampeni za kawaida: bajeti ya siku ni wastani, siku moja inaweza kutumia hadi mara mbili yake, mradi kwa mwezi isizidi bajeti ya siku mara 30.4. Kwa hiyo ukiweka 45, jiandae kuna siku utaona 90. Hili nalo hakuniambia. Nilipompigia kulalamika kwamba simu haziiti, akanishauri nikague kama simu yangu ina shida.

Nikafungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa kwenye utafutaji. Mkuu, ifungue ya kwako leo, hata kabla ya kumaliza kunisoma. Mimi nililipia "kuota kunguni kitandani ni ishara gani". Nililipia "mchwa anataga mayai mangapi", huyo nadhani ni mwanafunzi. Nililipia "dawa ya mende ya asili ya ndimu". Maneno mapana yanampa Google ruhusa ya kutafsiri maana, na kwa kuwa kila aliyeingia alihesabiwa kuwa mteja, mfumo ukaona mtafsiri wa ndoto ni mteja bora kabisa: ni bei rahisi na anafungua kurasa nyingi. Wengine walikuwa nje ya nchi, kwa sababu mpangilio wa eneo unaokuja wenyewe unachukua waliopo Dar pamoja na walioonyesha kupendezwa na Dar. Nikufukizie nyumba Toronto?

Sasa wewe na masofa yako. Unajua ni watu wangapi wanaotafuta picha za masofa ili tu wampelekee fundi wao wa mtaani? Ukifungua maneno mapana huku tagi inahesabu ovyo, utawalipia wote, kisha utajiuliza kwa nini Keko kimya.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: kinachohesabu kwanza, kinachotumia hela mwisho. Hayo mambo 17 yachambue kwa swali hilo tu. Je, hili linagusa kuhesabu? Linazuia uvujaji? Au linaongeza matumizi? La kuhesabu lifanye leo. Tagi ikae mahali pake, fomu ihesabiwe mara moja, na vitu kama kufungua ukurasa wa mawasiliano viwekwe kuwa vya kuangalia tu, visiwe vya msingi, maana vya msingi ndivyo mkakati wa bei (jinsi Google inavyokununulia mibofyo) unavyovifuata. Kisha chukua simu ya mtu mwingine, bofya tangazo lako mwenyewe mara moja, utajilipia lakini si hasara, ujaze fomu ya oda. Usitarajie kuiona hapo hapo, huchelewa kidogo. Iwe moja. Si sifuri, si mbili.

Na uwe na daftari. Nasema daftari la karatasi, la mia tano. Kila simu, kila meseji ya WhatsApp, kila aliyekuja dukani akasema kakuona Google, andika. Jumapili linganisha na ripoti. Vikipishana sana, hakuna kupandisha kitu.

Vya kuzuia uvujaji ni haraka: eneo liwe la waliopo tu, ongeza maneno hasi (yale ambayo yakitafutwa hutaki tangazo lako litokee), zima ile ruhusa ya mapendekezo kujikubali yenyewe. Tangazo lililokataliwa au kiungo kinachofungua ukurasa uliokufa, hayo nayo usiyalaze.

Yale 8 ya kijana usiyapandishe kama yalivyo. Yamekaa huko kwenye Editor tangu aondoke, na akaunti imeendelea kubadilika. Pakua kwanza mabadiliko ya karibuni, kisha pitia moja moja uone kama bado yana maana. Kama kuna la bajeti humo, mimi ningelifuta tu.

Halafu mkakati wa bei, peke yake, usubiri. Ukishaubadilisha unaingia kipindi cha kujifunza, kwa kawaida kama wiki, na kila ukiuchokonoa kwa jambo kubwa unaurudisha nyuma. Bajeti ni ya mwisho kabisa. Nakwambia kabisa kabisa.

Kuna atakayekuja hapa chini kusema "si unaangalia historia ya mabadiliko unarudisha tu". Historia ipo, inarudi hadi miaka 2, na mengine unaweza kuyatengua kweli. Kadi yangu haikutenguliwa. Na hata baada ya kusahihisha tagi, mkakati ulikuwa umeshajifunza kutoka kwa wale waota ndoto, nikakaa wiki kadhaa nikilisha mfumo tabia njema. Baadaye sana nikagundua kuna sehemu ya kuuambia mfumo usizizingatie siku fulani ambazo hesabu ilikuwa mbovu. Bwana stika alikuwa na vyeti vitatu, hiyo hakuitaja.

Sasa hivi niko dola 15 kwa siku, alama yangu ni 61 na sina mpango nayo. Simu zinaita.

Jaza hiyo fomu leo, kesho jioni rudi hapa useme imehesabu ngapi. Ikisema mbili, usiguse chochote, nitag.