Maswali na majibu: Wanajua fomula, swali lisilo na tarakimu linawashinda

SWALI

Jambo Papa Prof. Ninafundisha fizikia mwaka wa pili wa umanite (sekondari) ya sayansi, katika shule moja ya Ndosho, hapa Goma. Wanafunzi wako 60 katika chumba kimoja. Interogasio za mekanika, joto na mawimbi wamezifanya vizuri, wengi wako juu ya 70%. Juzi nikawapa swali moja tu lisilo na tarakimu, kuhusu nguvu zinazolishika jiwe lililorushwa juu. Waliopata hawafiki kumi. Prefe wa masomo, mkuu wa shule yetu, ananiambia mtihani wa muhula niuzidishie hesabu ngumu pamoja na itemu (maswali ya kuchagua jibu) za zamani za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ili wazoee. Niutunge namna gani? Na g, mchapuko wa kitu kinachoanguka, niwape 10 ao 9,81?

Mama mwalimu, Ndosho

JIBU

Jambo mama mwalimu. Hilo swali lako la jiwe lina thamani kuliko interogasio zako zote, na ninakuomba usilitoe kwenye mtihani hata prefe akikunja uso. Barua za namna hii zinanifikia kila muhula, kutoka hapa mjini, Sake, Rutshuru, na karibu zote zina shauri lile lile ulilopewa wewe: ongeza hesabu ngumu. Shauri hilo limenichosha. Mwanafunzi anayeamini kwamba jiwe likifika kileleni halivutwi tena na chochote, mpe tarakimu zenye desimali nne, atakokotoa desimali zote nne na imani yake itabaki pale pale.

Chukua chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, maana hakuna mtoto wa Goma asiyeijua. Waulize hivi: kijana anasukuma chukudu yenye magunia ya makala (makaa) kwenye barabara tambarare, mwendo wake haubadiliki, haongezi wala hapunguzi. Ukilinganisha nguvu anayosukuma nayo na msuguano unaoizuia chukudu, nguvu yake ni kubwa zaidi, ni sawa, au ni ndogo? Sehemu kubwa ya darasa itakujibu kwamba ni kubwa zaidi, la sivyo chukudu ingesimama. Watoto hao hao, ukiwapa masi ya kilo 300 na mchapuko wa 0,5 m/s², wataandika nyutoni 150 kabla hujamaliza kufuta ubao. F = ma, nguvu ni masi mara mchapuko, wameiandika mara nyingi mno, lakini hawajawahi kuiuliza inasema nini mwendo usipobadilika. Inasema a ni sifuri, basi jumla ya nguvu nayo ni sifuri. Kusukuma na msuguano vinalingana. Ziada ilihitajika pale tu alipokuwa anaiondoa chukudu iliyosimama.

Usidhani ni ugonjwa wa shule zetu peke yake. Mwaka 1979, Laurence Viennot wa Ufaransa alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa mwisho wa sekondari na wa miaka ya kwanza ya chuo kikuu. Aliwachorea mtu anayerusha mipira kadhaa hewani na kuidaka. Mipira yote iko kwenye kimo kimoja, lakini mwendo wao ni tofauti: huu unapanda, ule unashuka, mwingine umefika mwisho wa kupanda. Je, nguvu inayoushika kila mpira ni ile ile? Tukiacha hewa, ni ile ile, uzito wake tu. Wengi walijibu kwamba nguvu zinatofautiana kwa kuwa mwendo unatofautiana, na mpira unaopanda wakautafutia nguvu ya kwenda juu ambayo haipo. Hao walikuwa na maabara, vitabu na umeme. Huko Marekani, David Hestenes na wenzake wawili walitoa mwaka 1992 mtihani mzima wa mekanika, wa kuchagua jibu, usiohitaji hesabu yoyote. Eric Mazur wa Harvard alipowapa wanafunzi wake mtihani wa aina hiyo, mmoja akamuuliza ajibu vipi, kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Mwanafunzi huyo alikuwa mkweli. Wa kwetu hawaulizi, wanajaza fomula na kunyamaza, na sisi tunaita hiyo 70%.

Kwenye joto mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu hata walimu wamo. Nimeshika karatasi ambayo mwanafunzi aliandika kwamba hapa Goma maji huchemka karibu na 95°C, na mwalimu akamwekea sifuri kwa kalamu nyekundu, akaandika 100 pembeni. Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi! Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Shinikizo la hewa ni dogo kuliko la pwani, kwa hiyo maji hayasubiri kufika 100. Ni kitu ambacho darasa linaweza kukipima kwa kipimajoto kimoja na mbabula (jiko la makala) moja, lakini tunapendelea kunakili.

Swali ninaloliweka kila mwaka ni hili. Sufuria ya maharagwe inachemka. Mama anaongeza makala, moto unakuwa mkali, maji yanarukaruka. Halijoto ya maji inapanda, inashuka, au inabaki ilivyo? Inabaki. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke, maharagwe hayaoni tofauti, mfuko wa makala ndio unaoiona. Aliyeelewa hapo ataweza pia kukuambia kwa nini sufuria inayofungwa ikazuia mvuke inapika haraka. Baada ya hapo hesabu inaingia kwa heshima: kilo 2 za maji kutoka 20°C hadi 95°C zinahitaji 2 × 4180 × 75, yaani kilojuli 627 (4180 ni juli za kupasha kilo moja ya maji digrii moja). Kuzigeuza zote kuwa mvuke kunahitaji karibu kilojuli 4500, zaidi ya mara saba. Mwambie aandike sentensi moja kueleza tofauti hiyo inatoka wapi. Hiyo sentensi ndiyo uipe pointi nyingi, kuzidisha mpe pointi moja. Ongeza pia swali la dawati la mbao na mguu wake wa chuma, asubuhi kabla jua halijaingia darasani: kipi kina halijoto ya chini? Watasema chuma, na wataapa, kwa sababu mkono umewaambia. Vimelala chumba kimoja usiku kucha, halijoto yao ni moja. Chuma kinanyang'anya mkono joto haraka zaidi, basi.

Mawimbi nitayapita mbio, kosa lake ni moja. Fomula v = λf, mwendo ni urefu wa wimbi mara frekwensi, wanaisoma kana kwamba ukiongeza frekwensi, mwendo wa wimbi unaongezeka. Uliza: kamba imefungwa ukutani, nataka mtikisiko ufike ukutani mapema zaidi, nifanye nini? Watakuambia tikisa kwa nguvu, tikisa harakaharaka. Jibu ni kukaza kamba, au kutafuta kamba nyepesi zaidi. Anayebisha, mkumbushe kwaya ya kanisa inayosikika mtaa wa pili: kama sauti nyembamba zingesafiri haraka kuliko nzito, mtu wa mbali angesikia soprano zimetangulia na besi zinafuata nyuma, wimbo mzima umevurugika.

Sasa kutunga kwenyewe. Kazi iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Walimu wengi wanaandika jibu la kweli, kisha wanabuni mengine pembeni yake kwa kusogeza desimali: 150, 15, 1500, 0,15. Hapo umepima nani aliteleza na sifuri. Wewe fanya hivi: wiki mbili kabla ya mtihani, wape swali bila majibu ya kuchagua, kila mtu robo karatasi, ajibu na aeleze kwa sentensi mbili. Usiweke pointi. Soma zote 60. Utaona makosa yanajipanga yenyewe katika mafungu matatu au manne, na maneno yao ndiyo utakayoyapeleka kwenye mtihani. "Jiwe linapanda kwa sababu nguvu ya mkono bado iko ndani yake": hakuna mwalimu anayeweza kubuni mtego mzuri kuliko huo. Swali la mtihani lenyewe libadilishe kidogo, weka mpira mahali pa jiwe, asije mtu akakumbuka jibu badala ya kufikiri.

Darasa la 60, mimi ningeweka maswali 24: 14 yasiyo na tarakimu, sita ya hesabu fupi, manne ya kueleza kwa maandishi. Mekanika ipate nusu. Fomula ziandike zote ubaoni, ndiyo, zote, na prefe akishangaa mwambie aje ajaribu swali la chukudu akiwa na fomula mbele yake. Kumbuka pia bahati: kwenye yale maswali 20 ya kuchagua, yenye majibu manne manne, asiyejua chochote anapata matano kwa wastani. Mtoto mwenye 8 kwa 20 usimhesabie kwamba anajua 40% ya somo.

Ukishasahihisha usizitupe karatasi. Zipange kwa pointi, toa 16 za juu kabisa na 16 za chini kabisa, ambazo ni karibu 27% ya darasa kila upande, sehemu ambayo wapimaji wa mitihani wamezoea kuitumia. Kwa kila swali la kuchagua, hesabu waliopata katika kila rundo. Tuseme juu ni 14 na chini ni 5: toa, unabaki na 9, gawa kwa 16, ni karibu 0,56. Swali hilo lihifadhi. Ukipata chini ya 0,2, swali halitenganishi aliyeelewa na asiyeelewa, lichunguze. Ukipata namba hasi, yaani wa chini wamepata na wa juu wamekosa, mara nyingi ama ulikosea kwenye orodha yako ya majibu ama sentensi yako ina maana mbili. Ni kazi ya jioni moja, kwa kalamu, hata umeme ukiwa umekatika. Kisha angalia jibu lipi la uongo limevuta watu wengi. Hilo ndilo somo lako la Jumatatu.

Itemu za zamani hazina ubaya zenyewe. Zinamzoesha mtoto umbo la maswali na mbio za saa, na hilo linahitajika kwa mfinalisti, yule wa mwaka wa mwisho. Wa kwako bado wana muda. Ubaya unaanza zinapogeuka kuwa somo, na hapo ndipo ninapotaka prefe wako na wazazi wanisikie, kwa sababu kando ya itemu kumeota biashara. Kuna vijitabu vya fotokopi vinavyoahidi fizikia yote kwa kurasa chache, majibu bila maelezo hata mstari mmoja, na mengine yana makosa yanayonakiliwa kutoka fotokopi hadi fotokopi. Kuna waalimu wa usiku wanaofundisha "triki": tafuta jibu lenye kipimo cha m/s, ukishindwa chagua la tatu. Kuna na wale wa kwenye simu, wanaouza "itemu zilizovuja" usiku wa kuamkia mtihani. Mzazi anauza kuku, anatuma pesa, mtoto hajalala, asubuhi anakuta karatasi nyingine kabisa, na ile kidogo aliyokuwa anaijua imechanganyika. Mwizi wa namna hii hapelekwi popote, maana nani atakwenda kushitaki kwamba aliuziwa mtihani bandia?

Lakini anayeniudhi zaidi ni yule mwenye ofisi halali, anayepima shule kwa asilimia ya waliofaulu tu. Yeye ndiye anayemsukuma mwalimu mwema kuacha maabara na kushika fotokopi. Mwezi wa kwanza wa chuo cha ufundi, kijana aliyepita kwa kumeza anaulizwa kwa nini nguzo iliyosimama tuli ina nguvu zinazoitenda, naye anajibu kwamba haina, kwa kuwa haiendi popote. Huyo anasomea ujenzi. Wazazi, mkimtafutia mtoto mwalimu wa kumsaidia, mwombeni huyo mwalimu aeleze swali moja la fizikia mbele yenu bila kuandika fomula. Akikataa au akianza kupigapiga kikokotoo, rudisheni pesa mfukoni.

Kuhusu g: hapa karibu na ikweta ni kama 9,78, kwa hiyo ile 9,81 ya Paris usiwagombanishe nayo watoto. Tumia 10 kwenye hesabu fupi, na 9,8 pale unapotaka desimali. Iandike juu ya karatasi, kila swali na yake.