Kabla ya Kufundisha, Sahihisha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mwalimu wa tuisheni anaweza kweli kumwinua mwanafunzi wa Kidato cha Nne katika Hisabati kabla ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na afanyeje?" Anaweza. Ila kazi hii huanzwa pabaya mara nyingi hapa Mombasa. Mzazi wa Tudor au Nyali anapiga simu, mwalimu anafika na kitabu chake, anafungua mada aipendayo na kuanza kufundisha upya yale ambayo mtoto ameshafundishwa shuleni. Saa nne kwa wiki haziwezi kubeba silabasi ya miaka minne. Muhula ukiisha, mwanafunzi anampenda mwalimu, anaelewa kila mfano akionyeshwa, na alama zake ziko palepale.

Siku ya kwanza usifundishe kitu. Mpe karatasi nzima ya mtihani uliopita, 121/1, yaani karatasi ya kwanza ya Hisabati (ya pili ni 121/2), iliyochapwa pamoja na nafasi zake za kujibia. Weka saa mbele yake, umwache dakika 150 na usimsaidie hata kwa kukohoa. Sehemu ya I ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Sehemu ya II ina maswali 8, naye achague 5, kila moja alama 10. Usimwambie achague lipi. Ukimwona ameanza swali la 17, akalikata, akaenda la 19, akalikata, akarudi la 17, umeshajua jambo moja ambalo ripoti ya shule haitakwambia kamwe: anachagua kwa kujaribu, na majaribio yanamla dakika.

Karatasi hiyo nenda nayo nyumbani, uisahihishe kama inavyosahihishwa kwenye mtihani wenyewe, kwa herufi za mwongozo: M kwa njia sahihi, A kwa jibu lililotokana na njia hiyo, B kwa jibu au hatua inayosimama peke yake. Hapa ndipo walimu wengi wa tuisheni wanapojilegeza. Wanapiga vema na mkasi, wanaandika 41 juu ya karatasi, basi. Hiyo 41 haifundishi mtu. Maelekezo ya jalada la karatasi yanasema wazi kwamba alama zinaweza kutolewa kwa kazi sahihi hata kama jibu si sahihi. Kwa hiyo swali la alama 3 lenye jibu lililokosewa linaweza kuwa na alama 2, 1 au hakuna, kutegemea kilichoandikwa. Mwanafunzi anayebonyeza kalkuleta na kuandika jibu tupu anacheza kamari: likiwa na kosa, hakuna hatua ya kumwokoa.

Kila alama iliyopotea iandikie herufi pembeni. Mimi hutumia nne: J, hajui kabisa, H, anajua mada lakini hatua moja imeanguka, K, amekosea kukokotoa au kunakili, S, saa imemwishia, pakabaki patupu. Tuseme amepata 41, amepoteza 59, na hesabu ya herufi ikawa J 22, H 14, K 8, S 15. Alama 37 kati ya hizo 59 hazikupotea kwa kutojua. Hazihitaji mada mpya. Zinahitaji mwalimu akae na karatasi ileile, swali kwa swali, na kumuuliza mwanafunzi pale hatua ilipoanguka alikuwa anafikiri nini. Ukirudisha nusu yake tu, amekaribia 60 kabla hujagusa mada hata moja ambayo haijui.

Tahadhari moja kuhusu herufi S. Patupu si lazima pawe pa saa. Muulize siku ya pili: "Hili ungepewa dakika kumi zaidi ungelifanya?" Halafu mpe hizo dakika kumi hapohapo. Akishindwa, futa S, andika J. Wanafunzi wengi husingizia saa kwa sababu inauma kidogo kuliko kusema sijui.

Saa yenyewe ina hesabu nyepesi: dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama 3 lina dakika nne na nusu, la alama 10 lina robo saa. Ikipita, aache nafasi na kusonga mbele. Fundisha hili kwa saa inayoonekana, kwa maswali matatu matatu, mpaka mwili uzoee. Kulisema kwa mdomo hakusaidii.

Sasa herufi H, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Chukua mfano wa integresheni. Mpe hili: tafuta eneo kati ya grafu ya y = x² − 4x + 3 na mhimili wa x, kuanzia x = 0 hadi x = 3. Mwanafunzi aliyekariri ataandika x³/3 − 2x² + 3x, ataweka 3, atapata 9 − 18 + 9, yaani 0. Ataweka 0, atapata 0. Atatoa, na ataandika kwa kalamu thabiti: eneo ni 0. Mwangalie uso. Kama hakushtuka, tatizo lake si integresheni. Anafanya hesabu bila picha. Eneo lenye ukubwa wa sifuri halipo.

Usimwambie amekosea. Mwambie achore. Grafu inavuka mhimili penye x = 1 na x = 3; kutoka 0 hadi 1 iko juu ya mhimili, kutoka 1 hadi 3 iko chini. Afanye vipande viwili. Cha kwanza kinatoa 4/3. Cha pili kinatoa −4/3, na hiyo hasi ni ishara tu kwamba kipande kiko chini ya mhimili. Eneo ni 4/3 na 4/3, yaani 8/3. Nimeuchagua mlinganyo huu makusudi kwa sababu vipande vinafutana na kosa linajianika lenyewe. Vitabu vingi hutoa namba ambazo hazifutani. Mwanafunzi anapata jibu lenye sura ya kweli na hajui kama amekosea. Mwalimu mzuri wa Kidato cha Nne ana daftari la maswali ya namna hii, aliyoyatunga mwenyewe, yanayoliumbua kosa badala ya kulificha.

Mada ya latitudo na longitudo nayo ina mtego wake wa hapahapa kwetu. Kwenda sambamba na Ikweta, umbali kwa maili za baharini ni 60 mara tofauti ya nyuzi mara kosaini ya latitudo. Mwalimu anayependa mifano ya nyumbani atatumia Mombasa, iliyo karibu nyuzi 4 kusini. Tofauti ya nyuzi 20 kwenye mstari huo inatoa maili 1,197. Mwanafunzi aliyesahau kosaini anapata 1,200, naye mwalimu mwenye haraka anampigia vema kwa kudhani amekadiria. Kosa limepita. Hamisha swali hadi latitudo ya London, nyuzi 51.5 kaskazini: jibu sahihi ni 747, la aliyesahau bado ni 1,200. Mombasa itumie kwa saa, maana hapo ndipo inapofaa. Longitudo yetu ni karibu nyuzi 40 mashariki, na kila nyuzi ni dakika 4, basi Greenwich ikiwa saa sita mchana, saa ya kwetu kwa hesabu ya mada hii ni saa nane na dakika 40. Simu mfukoni inasema saa tisa, kwa sababu nchi nzima inafuata saa ya nyuzi 45. Wapo wanaojibu kwa saa ya simu. Wamalizie tofauti hiyo ya dakika 20 kwenye tuisheni, isiwakute kwenye mtihani.

Herufi K hupungua kwa mazoea madogo. Kabla ya kazi yoyote ya pembe, abonyeze sin 30. Ikija 0.5, kalkuleta iko kwenye nyuzi. Ikija −0.988, iko kwenye radiani, 0.454, iko kwenye gradi. Asikadirie namba katikati ya kazi. Abebe angalau tarakimu nne mpaka mwisho, ndipo akadirie. Swali likisema asitumie majedwali wala kalkuleta, kipeuo kibaki kipeuo, na hatua za kukiondoa chini ya sehemu zionekane. Kwenye uchoraji wa rula na bikari, matao yabaki: mwenye kuyafuta kwa raba ili karatasi ipendeze amefuta ushahidi wake. Penseli ichongwe. Inashangaza jinsi penseli butu inavyokula milimita mbili, na milimita mbili zinatosha kumtoa nje ya jibu linalokubaliwa.

Mada za herufi J zipange kwa bei. Metriksi, takwimu, hesabu za kodi ya mapato, na zile za kuchora mistari kwenye grafu na kupiga kivuli upande usiotakiwa hushikika kwa vipindi viwili vitatu, na hujitokeza kwenye Sehemu ya II kwa alama 10 nzima. Anza nazo. Jiometria ya pande tatu na vekta kwa mwanafunzi wa 41 ni ghali. Ziache hadi mwisho, na kama muda hautoshi, ziache kabisa. Walimu wa shuleni hawana ruhusa ya kuruka mada. Wewe unayo.

Kipindi cha saa mbili kigawe hivi: dakika 20 za kurudia makosa ya kazi ya nyumbani, 30 za jambo moja jipya, 50 za yeye kufanya wewe ukiwa kimya, 20 za kusahihisha pamoja. Hizo 50 ndizo ngumu kwa mwalimu, hasa mzazi akiwa sebuleni na kuona hakuna anayefundisha. Mweleze mzazi mapema. Kundi lisizidi wanne. Karatasi moja nzima ikisahihishwa kwa herufi inachukua nusu saa, kwa hiyo wanafunzi wanane ni saa nne za kusahihisha kwa kila jaribio, na hapo ndipo mwalimu anaporudi kwenye vema na mkasi.

Mji nao una ratiba yake. Wengi wana chuo, yaani madrasa, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Usigombanie saa hizo, utashindwa. Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu jioni inafaa, umalize kabla ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani kazi nzito iwe asubuhi, na mchana ubaki wa kurudia makosa tu. Usiweke mwanafunzi wa Likoni, ng'ambo ya feri, na wa Bamburi siku moja. Foleni ya feri haina saa. Stima ikipotea jioni, feni zikizima, badilisha kazi iwe ya mdomo. Kama ni nyumbani kwa watu, kaeni sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwepo.

Kuhusu sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, imekataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mwalimu wa shule anayewatoza wanafunzi wa darasa lake mwenyewe anajiweka pabaya hata nje ya likizo, kwa sababu hakuna atakayeamini kwamba darasani alifundisha kwa moyo wote. Chukua wa shule nyingine.

Malipo yahesabu kwa saa zote: za kufundisha, za kusahihisha, za kuandaa, na za matatu. Kipindi cha saa mbili kwa kawaida ni kazi ya saa nne. Na usiuze gredi. Mipaka ya gredi za KCSE hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo anayeahidi B anaahidi kitu kisicho mkononi mwake. Mwahidi mzazi kwamba kila wiki tatu ataona karatasi iliyosahihishwa pamoja na hesabu ya J, H, K na S, aone mwenyewe zipi zinashuka.

Wenye kuingia sasa wajue pia kwamba KCSE ya mfumo huu inaishia 2027, na wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza sekondari ya juu Januari 2026 wako kwenye mtaala mwingine. Daftari la maswali yanayoumbua makosa litafaa huko vilevile. Rundo la karatasi zilizopita halitafaa kwa namna ileile, basi usinunue mengi.

Kuhusu muda, aliyeanza Januari ana nafasi ya kurudisha H, K na S zote na kununua mada tano au sita za J. Aliyeanza Mei anapata nusu ya mada hizo. Anayeletwa Septemba, baada ya matokeo ya moko, mtihani wa majaribio wa shule, kumshtua baba, asifundishwe mada mpya hata moja: karatasi mbili kwa wiki, 121/1 Jumanne na 121/2 Ijumaa, zikisahihishwa usiku uleule na kurudishwa kesho yake.