Drunken Master II: kwa nini nakala yako haina ule mwisho, na uitafute ipi

Mkuu, umeuliza kwa nini DVD yako ya Drunken Master II inaishia pale Jackie Chan anapomshinda adui wa mwisho, ilhali kaka yako anashikilia kwamba zamani aliona kipande kingine baada ya hapo. Kaka yako yuko sahihi. Nimeitazama filamu hii kwa kanda ya VHS, kwa CD za mtaani na kwa DVD, na naweza kukuhakikishia kwamba diski yako si mbovu. Ulichonacho ni toleo lililotengenezwa upya kwa ajili ya Marekani.

Filamu ilitoka Hong Kong mwaka 1994, miaka 16 baada ya ile ya kwanza ya mwaka 1978. Chan anarudi kuwa Wong Fei-hung, mtoto wa tabibu anayemkataza kupigana kwa mtindo wa ulevi kwa kuwa akishaanza kunywa hajui kuacha. Mwaka 2000 kampuni ya Dimension iliipeleka katika majumba ya sinema ya Marekani kwa jina la The Legend of Drunken Master, ikaweka sauti za Kiingereza (ya Chan ni yake mwenyewe), ikabadilisha muziki na kuondoa kipande cha mwisho. Katika kipande hicho tunamwona Fei-hung akiwa amepungukiwa na akili, kwa sababu katika mpambano wa kiwandani alikunywa spiriti ya viwandani ili apate nguvu za kummaliza adui. Jambo hilo limeonyeshwa kama kichekesho, na nakiri kwamba ni kichekesho kisicho na staha kwa wagonjwa wa akili, hivyo naelewa kwa nini waliokuwa wakiiuza upya hawakukitaka. Hata hivyo, filamu nzima imejengwa juu ya onyo la baba, na kikiondolewa kipande hicho, stelingi anakunywa sumu, anashinda, na hakuna gharama yoyote anayolipa. Kwangu mimi huo ni upungufu mkubwa kuliko ukosefu wa staha.

Sauti nayo ina uzito wake. Mama wa kambo anaigizwa na Anita Mui, ambaye kwa umri alikuwa mdogo kwa Chan kwa miaka 9, na baba ni Ti Lung, aliyemzidi Chan kwa miaka 8 tu. Ukilijua hilo utacheka zaidi kila baba anapomfokea mwanawe. Ucheshi wa Mui uko katika kasi ya maneno yake, namna anavyobadilika kutoka mwanamke mkali anayeitetea familia na kuwa mke mnyenyekevu mara mume anapoingia mlangoni, na katika Kiingereza kasi hiyo imepotea. Hizi CD zetu zenye msimulizi wa Kiswahili ni habari nyingine: mimi mwenyewe niliifahamu hadithi hii kwanza kwa mdomo wa msimulizi, na baadhi ya utani niliodhani ni wa Mui ulikuwa wa msimulizi huyo. Ni burudani halali kabisa, ila usiitumie kupima filamu.

Sasa tuje kwenye picha, ambako hasara huwa haionekani kwa mtu ambaye hajaona nakala kamili. Filamu ilipigwa kwa umbo pana la sinema, na baadhi ya matoleo ya video yaliikata pande zote mbili ili ijaze televisheni za wakati ule. Katika mpambano wa nyumba ya chai, Chan na Lau Kar-leung wanazingirwa na kundi kubwa la watu wenye mashoka, na utamu wake wote uko katika kuwaona wakijazana kutoka kila upande huku Chan akiwazuia kwa mwanzi uliopasuka. Picha ikikatwa, mashoka yanaingia bila kujulikana yametoka kwa nani. Lau Kar-leung ndiye pia aliyeiongoza filamu, na si mtu wa kubahatisha: baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung wa kweli, bingwa wa kung fu aliyewahi kuishi. Yeye na Chan walitofautiana kuhusu mtindo wa mapigano, akaondoka kabla kazi haijakamilika, na ule mpambano wa mwisho dhidi ya Ken Lo (anayeigiza adui wa mwisho), pamoja na Chan kutambaa juu ya makaa ya moto, uliongozwa na Chan mwenyewe. Ukitazama toleo lenye picha kamili utaiona tofauti ya mikono hiyo miwili bila kuambiwa.

Unapotafuta nakala nyingine, usihukumu kwa dakika zilizoandikwa kwenye jalada. Filamu ina dakika kama 102, lakini nakala za PAL (mmoja wa mifumo ya televisheni) huenda kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ileile isiyopunguzwa husoma karibu dakika 98. Angalia jina: ikiwa jalada linasema The Legend of Drunken Master, achana nalo. Angalia kama kuna sauti ya Kikantoni, lugha ya asili ya filamu. Angalia pia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, kwa kuwa DVD za Marekani ni kanda ya 1, za Hong Kong ni ya 3 na zetu ni ya 5, na deki ambayo haijafunguliwa kusoma kanda zote itazikataa za kwao. Kwa Blu-ray, Marekani na Hong Kong wako kanda A, sisi tuko kanda B. Muuzaji akikuruhusu kujaribu, nenda moja kwa moja mwisho wa filamu: adui akianguka na majina yakaanza kupanda papo hapo, mrudishie diski yake.