Kaa Anayejivika Mwani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika filamu tuliyoonyeshwa shuleni, kaa mdogo wa baharini alijibandika mwani na sifongo mgongoni, navyo havikudondoka. Je, ana gundi? (Mwanafunzi, Tukuyu)

JIBU: Hana gundi. Gamba lake lina vinyweleo vigumu vilivyopinda kama ndoana. Hukata mwani kwa magando, huukwaruza kwa kinywa, kisha huusugua mgongoni mpaka unase. La kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba anapojivua gamba, ambalo halikui pamoja na mwili, mara nyingi huyahamishia mapambo yake kwenye gamba jipya. Mchana hutulia tuli, kwa kuwa mwani unaotembea ungemfichua kwa samaki. Kaa wa vijito vyenu vya Rungwe hajivishi hivyo; yeye hujificha chini ya mawe.