Mbegu za maua zianze ndani ya nyumba

Bukavu tunalima kwenye miteremko, na mvua za Septemba hazina huruma na mbegu ndogo. Mbegu ya petunia ni laini kama vumbi; ukiimwaga bustanini, maji yataishusha hadi kwa jirani wa chini. Ndiyo maana maua yangu nayaanzia mezani, karibu na dirisha, kiangazi kikiwa bado hakijaisha.

Petunia huhitaji wiki 8 hadi 10 kabla ya kuhamishwa, kwa hiyo naisia mapema Julai. Zinia ina haraka, wiki 4 hadi 6 zinaitosha, nayo ni ya Agosti. Alizeti iache: mizizi yake haipendi kuguswa, ipande palepale itakapokulia.

Mikebe ya nyanya inafaa sana, mradi uitoboe chini. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake hushikamana, basi changanya na mchanga na mboji iliyooza vizuri. Umwagie maji yanayochemka, uuache upoe hadi kesho yake. Zinia ifukie nusu sentimita. Petunia usiifukie, kwa kuwa huota ikipata mwanga. Ikandamize tu kwa kidole.

Sasa maji, maana hapo ndipo miche mingi inapofia. Ukimwagilia kila unapopita, ukungu huingia: shina linasinyaa pale linapotokea udongoni, linakuwa jembamba kama uzi, na mche uliokuwa mzima jana unalala chini. Hauponi tena. Weka mkebe ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unyonye kutoka chini mpaka juu pawe peusi, kisha uutoe. Usirudie mpaka juu pakauke.

Geuza mikebe kila siku, la sivyo miche itainamia dirishani. Ikirefuka huku imepauka, inadai mwanga zaidi.

Yakishatoka majani halisi, yale yanayofuata mawili ya kwanza, itenganishe. Shika jani, kamwe usishike shina. Jani likichanika lingine litaota, shina likipondeka mche umekwisha.

Kabla ya kuipandikiza, izoeze nje kwa wiki nzima: kwanza saa chache kivulini, halafu juani kidogokidogo. Pandikiza jioni au siku ya mawingu. Mvua kubwa ikitishia usiku huo, funika kila mche kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, na uiondoe asubuhi kabla jua halijapanda.