Notisi niliyoitanguliza kwa shikamoo

Swali lenu la wiki hii: mpangaji anayemwandikia mwenye nyumba notisi ya kumshtaki, amekosa adabu? Mimi niliiandika, na adabu yangu ninayo.

Nilipanga chumba na sebule Tandika, shilingi 150,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua mwezi wake juu. Mwezi wa tatu unaisha, baba mwenye nyumba ananiambia nimpishe, mwanawe anaoa. Nikahama. Nilichodai ni 450,000 za miezi ambayo sikulala pale. "Njoo mwisho wa mwezi, mwanangu." Nilikwenda miisho ya miezi mitatu.

Kwanza nilikimbilia polisi. Askari wa zamu hata daftari hakufungua: hilo ni la madai, si la jinai. Mama naye akawa ananisihi nisimburuze mzee wa watu barazani.

Binamu yangu ni karani kwa wakili. Rasimu yangu ilijaa kurasa mbili, mzee nimemwita tapeli mara nne, na harusi ya mwanawe nimeisema vibaya. Akafuta yote. Ikabaki YAH: KUSUDIO LA KUKUSHTAKI, tarehe niliyolipa, tarehe niliyohama, kiasi ninachodai na siku 14. Zikipita, naanzia Baraza la Kata, nikikwama naenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. (Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, hukumu halitoi tena. Mtaani kwetu wengi hawajui.) Hizo siku 14 tulizipanga wenyewe. Anayeishtaki Serikali ndiye sheria inamtaka atoe notisi ya siku 90. Kwa baba mwenye nyumba niliona wiki mbili zinamtosha kukusanya fedha.

Risiti sikuwa nayo, wala ni nani Tandika anapewa risiti? Nilikuwa na ujumbe wa muamala kwenye simu, una jina lake na kiasi, na mkataba wa karatasi moja wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Bila hivyo viwili, nisingethubutu kuandika.

Nikaongozana na mjumbe. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akasoma polepole, akakataa kusaini nakala yangu. Mjumbe akasaini kuwa ameshuhudia, akaweka tarehe na saa. Kelele hazikuwepo, mkewe alituletea hata maji ya kunywa.

Siku ya 11 akapiga simu, tena si kwangu, kwa mama. Akalipa 400,000. Hamsini alikata, eti ni ya sinki, na sinki lile nililikuta limepasuka. Mama akasema yaishe. Nikanyamaza, ila karatasi ya kukiri kwamba simdai tena sikuisaini.

Mpangaji wa zamani, Temeke