Barua kwa mwanangu: safari ya Marsabit

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kigari chenu kitaweza kufika Mlima Marsabit Desemba hii, au mkodi gari kubwa. Nami nakuuliza: mtatoka Nairobi saa ngapi?

Maana anayetoka mapema hupewa barabara, anayechelewa huiomba. Mmenisikia nikilisema kila tulipokwenda kwa bibi yenu, baba yako akicheka, na bado nalisema. Tokeni saa kumi alfajiri. Mtauona Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika, mnywe chai Nanyuki. Ukishapita Timau, mteremko wa kwenda Isiolo ni mrefu. Ushuke na gia ndogo, usikalie breki. Jaza tangi Isiolo. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 250, Archers Post, Merille, Laisamis, lami tupu. Jua lisiwazamie njiani. Ngamia hapishi gari, na usiku humwoni mpaka miguu yake imejaa kwenye taa.

Nilipopelekwa kufundisha kule, lami hiyo haikuwapo. Nililipia kiti cha mbele kwenye lori la unga. Dereva akapokea pesa, akaniambia, "Mwalimu, kiti chako kipo." Tukiwa Isiolo tunasubiri msafara wa magari na askari wa kutusindikiza, akaja bwana mmoja na mkoba wake, akanong'ona na dereva, akapanda mbele. Mimi nikapandishwa juu ya magunia. Utingo, kijana mwenye huruma, alinipa kipande cha turubai nijifunike. Vumbi la jangwa la Kaisut nililila mchana kutwa. Pesa sikurudishiwa hata senti, na hiyo "kiti chako kipo" inanichoma mpaka leo.

Lakini ni huko juu nilikouona mlima. Jangwa kavu pande zote, halafu mbele yetu msitu mweusi umejitwika ukungu. Tulipoanza kupanda, baridi ikanipiga usoni, nikanusa majani mabichi. Nililia kwa furaha, mwanangu. Bwana wa mbele aliona kioo chenye vumbi. Kwa hiyo huenda dereva alinitendea wema bila kujua. Hapana. Aliuza kiti kimoja mara mbili. Mlima ni wa Mungu. Kiti kilikuwa changu, nilikilipia.

Haya, gari. Mpaka Marsabit mjini litafika, sina wasiwasi. Ila najua watoto watataka kwenda Ziwa Paradise, ndani ya msitu wa Ahmed, yule ndovu ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Sanamu yake wameiona pale makumbusho, hawataridhika na hadithi. Njia ya ziwani ni ya udongo na miinuko, na mvua za vuli Desemba huenda bado zipo. Udongo ule ukilowa, gari la chini halina mjadala nao. Hapo nina la kusema, lakini baba yako amenionya nisiamue mambo ya nyumba yenu, na pesa ni zenu. Basi amueni wenyewe. Mngeniuliza mara ya pili, ningejibu haraka sana.

Tairi la akiba lipimwe upepo kabla hamjaondoka, si mkiwa Merille. Nipigie mkifika Isiolo. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Mama yako